TAA YA ZIZINI

Mafundisho juu ya kufikisha umeme wa volti chache mwisho wa shamba

Katika milima ya Kisii na Nyamira mashamba mengi hayakukatwa kwa umbo la mraba. Shamba ni ukanda mwembamba uanzao juu, mgongoni mwa kilima karibu na barabara, ukateremka hata kufika kijito kilicho bondeni. Kila kizazi kinapogawana urithi, ukanda huo huzidi kuwa mwembamba, bali urefu wake hubaki ule ule. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 958 katika kila kilometa moja ya mraba, na Kaunti ya Nyamira watu 675. Katika nchi iliyojaa watu namna hii, mkulima hana budi kujenga kwa mpango: nyumba juu, migomba nyuma yake, kisha majani ya chai au mahindi, kisha nepia; na wengi wamejenga zizi la ng'ombe wa maziwa huko chini, karibu na majani na maji.

Zamani mifugo ya Wagusii ililindwa na vijana waliolala pamoja nayo katika kambi zilizoitwa ebisarate. Kambi hizo zilikwisha zamani za utawala wa Waingereza, na vijana wa siku hizi wamo shuleni na kazini. Lakini ng'ombe hakubadili tabia yake. Huzaa saa nane za usiku, na ndama akikwama, mwenye ng'ombe huhitaji mikono miwili na mwanga wa kutosha. Mkono mmoja ukishika tochi, kazi imekuwa nusu. Mwizi naye hupenda giza. Tena mama anayeshuka kukamua saa kumi na moja alfajiri katika njia yenye utelezi hastahili kupapasa kama kipofu. Kwa hiyo taa ya zizini si pambo. Ni mlinzi na ni mkunga.

Mafundisho haya yaeleza kwa nini taa iliyo mbali na nyumba mara nyingi hufifia, na njia za kuifanya iwake vizuri bila kupoteza fedha wala kuhatarisha maisha ya watu.

KWA NINI TAA YA MBALI HUFIFIA

Ichukuliwe habari ya mkulima mmoja wa mfano. Ana betri ya volti 12 nyumbani, ijazwayo na paneli ya sola iliyo juu ya mabati. Zizi lake liko mita 60 kutoka nyumbani. Mkulima huyu anunua waya mwembamba wa shaba, wenye unene wa milimita za mraba 1.5, anauvuta mpaka zizini, na kufunga taa nne za wati 6 kila moja. Jioni anabonyeza swichi. Nyumbani taa zang'aa. Zizini zawaka kama makaa yanayokufa. Anadhani taa ni mbovu, ananunua nyingine, nazo hufifia vivyo hivyo. Kisha anadhani betri imechoka, naye yuko tayari kununua betri kubwa zaidi. Fedha zote hizo zitapotea, kwa kuwa ubovu hauko katika taa wala katika betri. Uko njiani.

Umeme waweza kufananishwa na maji yatokayo katika chemchemi na kushuka ndani ya bomba. Volti ni msukumo wa maji. Ampea ni wingi wa maji yapitayo. Wati ni kazi ifanyikayo, nayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Bomba likiwa refu na jembamba, maji husuguana na kuta zake, na msukumo hupungua kabla hayajafika mwisho. Waya nao una ukinzani wake, upimwao kwa omu. Waya ukizidi urefu, ukinzani huzidi. Waya ukizidi unene, ukinzani hupungua.

Jambo moja husahauliwa na wengi: umeme huenda na kurudi. Zizi likiwa mita 60, safari ya umeme ni mita 120, kwa sababu waya ni mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Mwenye kupima mita 60 peke yake amefanya nusu ya hesabu.

HESABU YENYEWE

Hesabu hii si ngumu. Mtoto wa shule aweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Kwa waya wa shaba, chukua 0.0175, zidisha kwa urefu wote wa kwenda na kurudi kwa mita, kisha gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Jibu ni ukinzani wa waya kwa omu.

Kwa mkulima wa mfano: 0.0175 mara 120, gawanya kwa 1.5, jibu ni omu 1.4.

Taa zake nne za wati 6 ni wati 24. Wati 24 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea 2. Sasa zidisha ampea kwa omu: 2 mara 1.4 ni volti 2.8. Hizo ndizo volti zipoteazo njiani. Betri yatoa 12, nazo zizini hufika kadiri ya 9.2. Karibu robo ya msukumo wote imeliwa. Na kwa upande wa kazi, ampea 2 zikipita katika omu 1.4 hugeuza wati 5.6 kuwa joto bure ndani ya waya. Hii ni kana kwamba taa moja katika zile nne yawaka ardhini, mahali ambapo hakuna amwonaye ng'ombe.

Mafundi wengi hufuata kanuni hii: volti zipoteazo njiani zisizidi sehemu tano au sita katika mia. Kwa betri ya volti 12, hizo ni kama volti 0.7 tu. Mkulima huyu amezidi kiasi hicho mara nne.

NJIA YA KWANZA: KUONGEZA UNENE WA WAYA

Akinunua waya wa milimita za mraba 2.5, volti zipoteazo ni 1.7 hivi. Akinunua wa 4, ni 1.05. Akifika 6, ni 0.7, na taa zitawaka vema. Lakini waya wa 6 una shaba mara nne ya ule wa 1.5, na bei yake hupanda kufuata shaba. Tena mita 120 za waya mnene wa shaba ni kishawishi kikubwa kwa wezi.

Mnunuzi na awe macho vilevile juu ya waya wa bei nafuu mno. Baadhi ya waya zimepakwa shaba kwa nje tu, na ndani ni aluminiamu. Ukinzani wa aluminiamu ni kama mara 1.6 ya ule wa shaba, hata hesabu yote iliyofanywa kwa shaba huharibika. Dawa yake ni kukwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ikionekana nyeupe ndani, si shaba tupu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

NJIA YA PILI: KUPUNGUZA MZIGO

Njia hii ndiyo ya kwanza kufikiriwa na mwenye busara, maana haigharimu kitu. Je, zizi la ng'ombe wawili lahitaji wati 24? Taa za kisasa za LED hutoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo. Taa mbili za wati 3, moja juu ya mahali pa kukamulia na moja mlangoni, zaweza kutosha. Hizo ni wati 6, yaani ampea 0.5. Katika waya ule ule mwembamba wa 1.5, volti zipoteazo ni 0.5 mara 1.4, yaani 0.7.

Na ilinganishwe. Mkulima aliyenunua waya mnene mara nne amefika volti 0.7. Mkulima aliyepunguza mzigo hata robo yake amefika volti 0.7 vilevile, na fedha zake zimo mfukoni. Taa ya mlangoni yaweza pia kuwekewa kifaa kiiwashacho mtu apitapo na kuizima baadaye, ili betri isichoke usiku kucha kwa kumulika utupu.

NJIA YA TATU: KUPANDISHA VOLTI

Mzigo ule ule wa wati 24, ukipelekwa kwa volti 24 badala ya 12, huhitaji ampea 1 tu. Katika waya wa omu 1.4 zapotea volti 1.4 kati ya 24, sehemu sita katika mia. Wati zilizopotea hushuka toka 5.6 hadi 1.4, yaani robo. Hii ndiyo sheria kuu: volti zikizidishwa mara mbili, hasara ya njiani huwa robo.

Sheria hii si ya zizi tu. Waya kubwa zitokazo Chemosit, upande wa Kericho, mpaka Kisii hupeleka umeme kwa volti 132,000, kwa sababu iyo hiyo. Wahandisi hupandisha volti ili ampea ziwe chache na waya zisile umeme wa watu njiani. Kisha transfoma huzishusha kwa hatua mpaka zifike volti 240 zitumikazo nyumbani. Mwenye kuielewa safari ya mita 60 ameielewa na safari ya umeme toka kilima hata kilima.

Aliye na umeme wa Kenya Power nyumbani aweza basi kuuliza: mbona volti 240 zisipelekwe moja kwa moja mpaka zizini, zikashushwe huko? Kwa hesabu, jambo hilo ni jema: wati 24 kwa volti 240 ni ampea 0.1, na hasara njiani haionekani. Lakini hapa hesabu si ya waya tu, ni ya roho za watu. Volti 12 hazimuui mtu kwa kumgusa. Volti 240 huua, tena hasa mahali penye tope, mkojo wa ng'ombe na miguu isiyo na viatu. Waya wa volti 240 upitao shambani sharti uwe wa namna ifaayo kuzikwa, wenye ganda la chuma la kuukinga, ufukiwe kadiri ya sentimita 60, uwekewe alama juu yake, na nyumbani iwepo swichi ikatayo umeme yenyewe mara uvujapo. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Waya wa nyumbani uliofungwa juu ya migomba na miti ya ua si njia ya umeme. Ni mtego uliotegewa watoto wa mwenye shamba.

NJIA YA NNE: KUHAMISHA BETRI

Taa ikiwa mbali na betri, si lazima umeme uifuate taa kila usiku. Betri yenyewe yaweza kuhamia kwenye taa. Ikiwa zizi lina paa la mabati, paneli ndogo juu yake na betri ndogo ndani yake huondoa kabisa habari ya mita 60. Waya kutoka betri hadi taa utakuwa wa mita tano au sita, na hata mwembamba utafaa.

Kiasi cha vitu vinavyohitajika hupatikana hivi. Taa mbili za wati 3 zikiwaka saa 12 hutumia 6 mara 12, yaani wati-saa 72 kila usiku. Gusii i karibu sana na Ikweta, hata usiku wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na hesabu hii haibadiliki. Wati-saa 72 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea-saa 6. Ziwekwe akiba za usiku wa pili, endapo mawingu yatazuia jua: ampea-saa 12. Na kwa kuwa betri ya risasi huharibika upesi ikikaushwa kupita nusu, inunuliwe ya ampea-saa 24 au zaidi. Kwa upande wa paneli, yafaa kwa tahadhari kuhesabu saa nne za jua kali kwa siku, na kutoa sehemu thelathini katika mia kwa ajili ya hasara. Paneli ya wati 30 mara saa 4 ni 120. Baada ya hasara hubaki 84, nazo zatosha 72.

Paneli iinamishwe kidogo, digrii 10 hadi 15, ili mvua iioshe vumbi. Isikae chini ya kivuli cha mgomba au mkaratusi, maana kivuli cha jani moja tu chaweza kupunguza sana umeme wake. Katika milima hii mawingu hukusanyika alasiri, upepo utokao Ziwa Viktoria ukutanapo na ule wa mashariki. Kwa hiyo jua la asubuhi ndilo la kutegemewa, nalo lisizuiwe na kitu.

Pengine mkulima huogopa kuiacha paneli huko chini, mbali na macho yake. Ipo hila nzuri. Paneli ibaki juu ya nyumba, na betri ifungiwe zizini katika sanduku imara pamoja na kidhibiti cha kuchaji. Paneli iitwayo ya volti 12 kwa kweli hutoa volti 17 au 18 jua likiwa kali. Ya wati 30 hupeleka kama ampea 1.7, katika waya wa omu 1.4 zapotea volti 2.4, na zizini hufika kama 15. Betri ya volti 12 hujazwa kwa volti 14 na kitu, hivyo bado zatosha. Waya ule ule mwembamba ulioshindwa kuwasha taa usiku waweza kujaza betri mchana kutwa. Msukumo wa ziada wa paneli ndio ulipao ushuru wa njia.

TAHADHARI KABLA YA HATARI

Kwanza, fyuzi. Ingawa volti 12 hazimuui mtu kwa kumgusa, betri ikikutanishwa ncha zake hutoa ampea nyingi mno, na waya huwaka moto. Zizi lina majani makavu, na nyumba ina watu waliolala. Fyuzi na ifungwe katika waya wa chanya karibu kabisa na betri, si mwisho wa safari. Kwa taa zilizotajwa, fyuzi ya ampea 5 yatosha.

Pili, jembe. Waya upite kando ya mpaka au njia ya miguu, si katikati ya mahindi. Uwekwe ndani ya bomba la plastiki na kufukiwa chini kuliko jembe lifikapo. Bomba huukinga pia na meno ya panya na fuko.

Tatu, maungo ya waya. Waya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa karatasi ya nailoni huota kutu, na kutu ni ukinzani mpya. Hewa ya mkojo wa ng'ombe huharakisha jambo hilo. Maungo yawe machache, yabanwe kwa skrubu ndani ya kisanduku kisichopenyeza maji, juu mahali ambapo ng'ombe hafiki.

Nne, radi. Kila mwenyeji wa Kisii na Nyamira anaijua radi ya alasiri. Waya mrefu uliotandazwa nje waweza kupokea msukosuko wa radi iliyopiga mbali kidogo, na kuupeleka mpaka nyumbani. Waya uliofukiwa ni afadhali kuliko ule uliotundikwa. Wingu zito linapopanda, waya wa zizini utenganishwe na vyombo vya nyumbani, lakini kabla ngurumo hazijakaribia; radi ikiisha kuwa juu ya kilima, mtu asiguse waya wala asisimame chini ya mti.

NENO LA MWISHO

Mkulima wa mfano alikuwa karibu kununua betri ya pili kwa ugonjwa usiokuwa wa betri. Lililomkosa ni karatasi, kalamu, na kamba ya kupimia kutoka mlangoni pake hadi zizini. Mwenye kupima kwanza hununua mara moja. Naye ndama azaliwapo saa nane za usiku, atapokewa kwa mikono miwili.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Zizi liko mita 40 kutoka nyumbani. Waya ni wa shaba, wa milimita za mraba 2.5. Ukinzani wake wote ni omu ngapi?

2. Katika zizi hilo zawaka wati 12 kwa betri ya volti 12. Volti ngapi hupotea njiani, nazo ni ndani ya kiasi kilichokubaliwa?

3. Kwa nini fyuzi hufungwa karibu na betri, wala si karibu na taa?

Majibu: (1) Omu 0.56. (2) Volti 0.56, ni ndani ya kiasi. (3) Ili waya wote uliobaki ulindwe. Sehemu iliyo kati ya betri na fyuzi haina ulinzi.